Thamani Iliyochumwa Barabarani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi, akisha kuiacha Mkomazi na kupita Hedaru na Makanya, milima ya Upare ya Kusini ikimwandama mkono wa kuume, hufika Same juu ya lami laini, na aghalabu halimjii wazo kwamba akiiacha lami hiyo akapanda kwa njia ya Mwembe na Mbaga hadi Mamba, au akazunguka nyuma ya milima kwa ile barabara ya Kisiwani, Maore na Ndungu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa udongo mtupu, atakuwa amepita katika njia za tabia ile ile iliyoyapa sifa baadhi ya magari ambayo leo hunadiwa London, Paris na California kwa bei ya kumshangaza hata mwenye mali. Makorongo, vumbi lisilozuiwa na kioo wala mpira wa mlango, kona zisizoonyesha kilicho mbele, na tope la masika ambalo huligeuza gari likatazama lilikotoka: huo ndio uliokuwa mtihani, na cheti cha mtihani huo ndicho kinachonunuliwa mnadani.

Watu wanaposikia kwamba gari la mbio la miaka 50 iliyopita limeuzwa kwa thamani ya majumba kumi, husema kwamba sababu ni uchache wake, na wakisha kusema hivyo hudhani jambo limekwisha. Mimi naona kwamba uchache ni sharti lakini si sababu. Vitu adimu ni vingi duniani, na vilivyo vingi kati ya hivyo havina mnunuzi. Gari lililotengenezwa kwa idadi ndogo hupanda thamani pale tu ambapo uchache wake ulikuwa na maana, na ambapo lilitenda jambo ambalo watu hawajalisahau, na jambo hilo likawa na ithibati. Kwetu Afrika Mashariki ushahidi wa maneno haya uko karibu kuliko mahali pengi, kwa sababu ya Safari.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Hayakufanywa katika uwanja wala katika barabara zilizofungwa. Washindani walipita njia zile zile za mabasi, malori, ng'ombe na watoto wa shule, kwa maelfu ya kilomita, mchana na usiku, tena kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, mvua ikiwa imekolea. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yakamaliza 7 vile vile. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, na baada ya hapo mtu wa nchi hizi hakuhitaji tangazo jingine la kumshawishi kwamba Peugeot ni gari.

Lakini Peugeot 404 zilitengenezwa kwa mamilioni, na kwa hiyo, ingawa ilipendwa kwa dhati na wazee wetu, 404 ya kawaida haikupanda bei kwa namna ninayoizungumzia hapa. Ili kuufahamu uchache wenye maana yatupasa kuzitazama kanuni za mashindano yenyewe, ambayo mwaka 1973, ulipoanzishwa ubingwa wa dunia wa rali, yaliingizwa humo tangu mwanzo. Wenye kusimamia mbio hizo waliogopa, na walikuwa na haki kuogopa, kwamba matajiri wa viwanda wangeunda gari moja la ajabu kwa ajili ya kushinda tu, ilhali raia hawezi kulipata dukani. Basi wakaweka sharti kwamba kiwanda kitakacho kushindana kitengeneze kwanza idadi maalumu ya magari ya namna hiyo kwa ajili ya kuuzwa. Kwa daraja lililoitwa Kundi la 4 idadi ilikuwa 500, baadaye ikashushwa hadi 400. Kwa Kundi B, lililoanza miaka ya themanini, ilikuwa 200 tu. Kiwanda kilitengeneza idadi iliyotakiwa, kikaongeza machache ikiwa wanunuzi walijitokeza, kikaacha. Ndiyo maana Opel ile aliyoshindia Ari Vatanen Safari ya 1983 iliitwa Ascona 400, jina na hesabu kwa pamoja. Ndiyo maana Toyota Celica yenye turbo, iliyoshinda Safari ya 1984, 1985 na 1986 bila kuachia mwaka, ilikuwa na ndugu 200 tu. Na Lancia Stratos, iliyoshika nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1975, haikufika hata 500.

Huo ndio uchache ninaouita wa haki. Haukubuniwa na wauzaji ili kuamsha tamaa, bali ulizaliwa na kazi: gari lilikuwa jepesi kwa sababu lilipaswa kukimbia, na likawa adimu kwa sababu halikumfaa mtu wa kawaida apelekaye watoto shule. Porsche walipotaka kuunda Carrera RS mwaka 1972 walilazimika kutengeneza 500, na wenye kazi ya mauzo wakaingiwa na hofu kwamba hayatanunuliwa. Yakaisha upesi, hata jumla yake ikapita 1,500. Mwaka uliofuata kiwanda kikaleta mawili Safari, na yote mawili yakashindwa kumaliza. Mwaka 1974 Porsche ya Björn Waldegård ikawa ya pili nyuma ya Joginder. Mwaka 1978 magari mawili yaliyoinuliwa tumbo mpaka yakapata nafasi ya sentimita 28 kutoka chini yakashika nafasi ya pili, aliyoipata Vic Preston wa Kenya, na ya nne. Porsche haikupata kushinda Safari hata mara moja. Na bado kiwanda hicho, baada ya kulitangaza mwaka 2022 gari la 911 Dakar, ambalo ni 2,500 tu kwa dunia nzima, kiliwapa wanunuzi nafasi ya kulipamba kwa rangi zilizoigwa kutoka magari yake ya Safari ya 1971, 1974 na 1978. Carrera RS zile nyepesi za asili zimepata kupita dola milioni 1. Hapa tunajifunza kwamba mnunuzi hanunui kombe. Ananunua habari ya gari lililothubutu, na kushindwa kwa heshima mbele ya watu wengi huweza kuwa na bei kuliko ushindi usio na shahidi.

Mfano wa kinyume chake nitautoa kwa Waingereza wawili wa zama moja. Mwaka 1988 Jaguar walionyesha gari la XJ220 na kuahidi injini ya silinda 12 na nguvu katika magurudumu yote manne; baadaye wakasema hayatazidi 350, na watu wakagombea kutoa malipo ya kwanza. Lilipofika mikononi mwa wanunuzi mwaka 1992 lilikuwa na silinda 6 na nguvu katika magurudumu ya nyuma peke yake, soko la magari ya fahari lilikuwa limeanguka, na baadhi ya waliotoa fedha wakakimbilia mahakamani ili wasichukue walichokuwa wamekigombea. Yaliyotengenezwa hayakufika 300, basi ni adimu kuliko ilivyokusudiwa. Lakini kwa miaka mingi yalikaa bila kutamaniwa. McLaren F1 nayo ilikuja siku zile zile mbaya, nayo haikuuzika kama wenyewe walivyotaraji, ikaishia kwenye 106 kwa hesabu ya yote. Lakini F1 ilikuwa kama ilivyoahidiwa, na mwaka 1995 ikashinda mbio za saa 24 za Le Mans. Na mwaka 2021 moja, iliyokuwa imetembea kilomita chache mno, iliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni 20. Yote mawili yalikuwa adimu, tofauti ikawa ni ukweli.

Jambo jingine ni umri wa wenye fedha. Gari halitamaniwi sana linapokuwa kuukuu tu. Hutamaniwa wale waliolitazama wakiwa watoto wanapofika umri wa kuwa na akiba. Kijana wa Moshi au Nairobi wa leo hamjui Shankland, lakini anaijua Subaru. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza, na mwaka 1998 Subaru wakatoa gari lililofanana na lile la mashindano kwa umbo, likaitwa 22B, magari 400 kwa soko la Japani kwa bei ya yeni milioni 5 kila moja. Moja la namna hiyo limepata kuuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 300,000. Impreza za kawaida zinapita kila siku katika barabara kuu ya Same na hakuna ageukaye. Bodi zinakaribiana kwa sura, tofauti ya bei ni ya mbingu na ardhi, na kijana aliyelipenda moja kwa sababu ya jingine anajua sababu yake hata asipoweza kuieleza.

Na hapa ndipo penye hatari, maana pale ambapo sura mbili zinakaribiana, mdanganyifu hupata riziki. Magari ya rali yaliteseka mno: bodi zilipasuka, zikabadilishwa, injini ya hili ikatiwa katika lile, namba ya usajili ikahamishwa usiku mmoja kwenye gereji ili kesho yake gari liendelee. Kwa hiyo mtaalamu wa mnada hatazami rangi wala mng'aro. Hulala chini kwa kurunzi akatafuta namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma, akatazama kama herufi zake zimenyooka kama zilivyogongwa kiwandani au zimepinda kama za fundi wa mtaani. Huhesabu matundu ya skrubu mahali zilipofungwa taa za ziada na vyuma vya kukinga wanyama mbele. Huinua zulia akatafuta mahali chuma kilipoongezwa unene ili kistahimili makorongo. Huweza hata kufungua kingo za chini za mlango kutafuta udongo mwekundu uliojificha humo tangu enzi ile. Kisha huomba karatasi: kadi ya gari, hati za forodha, orodha ya washindani, picha iliyopigwa kando ya barabara. Gari lenye karatasi na lisilo na karatasi, yakiwa yametoka kiwandani siku moja, hayawezi kuwa na bei moja.

Tusidhani kwamba haya ni ya magari ya mbio peke yake. Katika stendi ya Same utazikuta Land Rover za zamani, tairi la akiba juu ya boneti, zikingoja kujaa abiria na mizigo kabla ya kupanda milimani, na zikiteremka huja na magunia ya tangawizi ya Mamba. Tarehe 29 Januari 2016 kiwanda cha Land Rover cha Solihull kilimaliza kuunda gari la mwisho la ukoo huo, na miaka miwili baadaye wenyewe wakatoa 150 zenye injini kubwa ya silinda 8, kwa bei ambayo mkulima wa tangawizi hawezi kuiwaza. Sheria ya Marekani nayo imesaidia kuamsha tamaa, kwa kuwa gari likisha kutimiza miaka 25 huruhusiwa kuingia huko bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, na hivyo kila mwaka aina nyingine ya gari la zamani hupata soko jipya. Laiti mwenye Land Rover wa Same angelijua hilo, asingemwachia mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo.

Hata hivyo simshauri msomaji auze shamba anunue gari la fahari. Baada ya Enzo Ferrari kufariki mwaka 1988 bei za magari yake zilipaa kwa namna isiyo na kiasi, na miaka michache baadaye zikaporomoka, zikawaacha waliokopa wakiwa na gari zuri na deni baya. Kulihifadhi nako ni gharama isiyokwisha: vipuri havipatikani, mafundi wake ni wachache kuliko magari yenyewe.

Ninalolitaka ni dogo kuliko hilo na lina haraka zaidi. Magari yaliyochuma sifa katika barabara zetu yamekwenda Ulaya, Marekani na Japani. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 imehifadhiwa na Nissan wenyewe huko Zama, Japani. Kuyarudisha si kazi nyepesi, maana Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8, na Tanzania huliongezea gari kuukuu ushuru. Kilichobaki kwetu ni ushahidi, nao umo katika masanduku ya wazee: picha za magari yenye matope zilizopigwa Same, Moshi, Arusha na Tanga, kadi za gari zilizochakaa, daftari za gereji zenye majina ya mafundi waliofunga shokapu usiku kwa mwanga wa karabai. Wewe uliye na karatasi hizo, usizichome wala usizitoe bure kwa mgeni wa kwanza ajaye na sifa. Andika nyuma ya kila picha jina la mahali, mwaka na aliyeipiga, kamkalishe mzee aliyekuwa makanika umwandike maneno yake akiwa hai, na nakala uipeleke Makumbusho ya Taifa. Na atakayekuja kununua kwako, muulize kwanza namba ya chesesi anayoitafuta, ndipo mzungumze bei.