Kutoga na Kuchora Mwili Ifakara: Linganisha Kilichomo Ndani ya Bei

Mpunga ukishauzwa, kuanzia Juni hadi Agosti, fedha huzunguka bonde zima la Kilombero, toka Kidatu na Mang'ula mpaka Ifakara, Mngeta na Mlimba. Ni miezi ya nguo mpya, simu mpya na harusi. Ni miezi pia ambayo mabinti hutogwa masikio na pua, na vijana hukaa kitini kuchorwa tatuu. Swali la kwanza kwa kila mmoja ni lile lile: shilingi ngapi?

Ni swali la haki, ila peke yake halitoshi. Watoa huduma wawili wanaweza kutaja bei moja, mmoja akawa ameingiza humo sindano mpya, mwingine akatumia sindano iliyotoka mwilini mwa mtu mwingine asubuhi hiyo hiyo. Kabla hujaomba upunguziwe, jua kwanza unanunua nini.

Vitu vinne unavyolipia

Cha kwanza ni kifaa kinachopenya ngozi. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu ya homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C na VVU. Virusi vya homa ya ini B hukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka na haionekani kwa macho. Mtu ambaye hajachanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini B hufika hadi asilimia 30. Kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo, isipokuwa waliochanjwa ukubwani.

Kifaa salama ni kile kipya cha kutumika mara moja na kutupwa, au kile cha chuma kilichotakaswa kwa mashine ya mvuke, nyuzi 121 za Selsiasi, dakika 20 hadi 30. Kukifuta kwa spiriti hakutoshi. Kukichemsha kwenye sufuria kunaua vijidudu vingi lakini hakuui vyote. Jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, kwa dakika 10, ni hatua ya kupunguza vijidudu kabla ya kuosha. Haimalizi kazi ya kutakasa.

Cha pili ni mikono na ngozi: mikono iliyooshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, glavu mpya kwa kila mteja, na sehemu ya kutogwa iliyosafishwa kwa spiriti ikaachwa ikauke.

Cha tatu ni kile kitakachobaki mwilini mwako. Kwa aliyetogwa ni hereni au kipini. Hereni nyingi za bei ya chini zina nikeli, na nikeli huwasha na kutoa majimaji kwa watu wengi. Chuma cha pua cha daraja la vifaa vya upasuaji, titani au dhahabu halisi ni afadhali. Kwa aliyechorwa ni wino, nao unatakiwa umiminwe kidogo kwenye kikombe cha mteja mmoja, na unaobaki umwagwe. Anayechovya sindano moja kwa moja kwenye chupa anachanganya damu za wateja wake wote.

Cha nne ni mtu wa kumrudia. Mwenye kibanda cha kudumu na leseni ya halmashauri ukutani anapatikana wiki ijayo sikio likivimba. Mtu wa kuzunguka kwenye magulio atakuwa ameshafika mji mwingine.

Nyumbani kwa bibi

Bei yake ni sifuri, na mabinti wengi wa bonde hili wametogwa hivyo, kwa sindano ya kushonea na uzi. Kinachokosekana ni cha kwanza kati ya vile vinne, na kinanunulika: sindano mpya ya hospitali iliyo kwenye pakiti yake huuzwa duka la dawa kwa shilingi mia chache. Mtoto mmoja, sindano moja. Pacha, sindano mbili. Uzi wa pamba usiachwe tunduni, kwa sababu unanyonya damu na usaha. Itiwe hereni safi.

Kwa mtoto mchanga, subiri. Chanjo ya pentavalenti, inayomkinga dhidi ya pepopunda na homa ya ini B pamoja na magonjwa mengine, hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kadi ya kliniki. Akishamaliza ile ya wiki 14 ndipo atogwe. Kusubiri hakukugharimu hata senti.

Saluni na bastola ya kutogea

Ni haraka, na mteja anaona kama ni ya kisasa. Lakini bastola nyingi zina mwili wa plastiki usiostahimili joto la mvuke, hivyo hufutwa tu kati ya mteja na mteja. Tena haitobi kwa ncha kali kama sindano; inaisukuma hereni kwa nguvu ya springi mpaka ipite. Kwenye nyama laini ya ndewe, sikio hustahimili. Kwenye gegedu la juu ya sikio au puani, msukumo huo huponda tishu zenye damu kidogo, na vijidudu vikiingia hapo dawa huchelewa kufika.

Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, wateja wa kibanda kimoja cha kutoga walipata maambukizi makali ya gegedu la sikio kutokana na bakteria waliokuwa kwenye chupa ya dawa ya kusafishia. Baadhi yao walilazwa na kufanyiwa upasuaji. Chupa ya dawa kuwepo mezani, basi, si uthibitisho wa usafi.

Ukichagua saluni, iwe kwa ndewe peke yake, na hereni itoke kwenye pakiti iliyofungwa. Afadhali zaidi ni kifaa ambacho sehemu yote inayogusa sikio hutupwa baada ya mteja mmoja.

Muuguzi wa zahanati au kituo cha afya

Si kila kituo kinatoga, wala si kila muuguzi amezoea kazi hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda. Bei yake inaweza kuwa juu ya ile ya saluni. Unachopata ni sindano mpya, glavu, sanduku la usalama la kutupia sindano, na mtu anayejua la kufanya damu isipokatika. Kwa ndewe za mtoto na kwa pua, naiweka njia hii mbele ya nyingine zote.

Hata hapo, koti jeupe lisikuzuie kuuliza. Sema kwa heshima: "Dada, samahani, naomba uifungue mbele yangu." Kisha tazama pakiti yenyewe. Iwe na upande wa karatasi na upande wa plastiki, iwe kavu, haijatobolewa wala kubandikwa upya kwa gundi, na tarehe ya mwisho wa matumizi isomeke. Ikiwa ni kifaa cha chuma kilichotoka kwenye mashine ya mvuke, mfuko wake una alama inayobadilika rangi baada ya kupata joto. Mwombe akuonyeshe rangi inayotakiwa. Inachukua nusu dakika, na muuguzi mzuri hatakasirika.

Tatuu: bei ya kitini na bei za baadaye

Sikio hupenywa mara moja. Ngozi inayochorwa hupenywa maelfu ya mara, kwa saa nzima au zaidi, na ndiyo sababu kila kosa la usafi linazidishwa. Mchoraji wa kuaminika hufungua sindano mpya mbele yako, hufunika mashine na waya wake kwa plastiki mpya, humimina wino kwenye vikombe vidogo, na akihitaji kuuzimua hatumii maji ya bombani wala ya kisimani. Wanaofanya hivyo ni rahisi zaidi kuwapata katika miji mikubwa. Ukiwa hujampata bondeni, ni bora kuweka akiba mpaka upate nauli ya Morogoro au Dar es Salaam kuliko kukaa kwenye kiti cha karibu kwa sababu tu kipo karibu.

Kisha kuna bei zisizotajwa kibandani. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kijana mwenye ndoto hiyo aipime kabla ya wino kuingia. Shirika la Afya Duniani linashauri aliyechorwa tatuu, kuchanjwa chale au kutogwa akae miezi 12 kabla ya kuchangia damu. Kuifuta tatuu kunahitaji mashine ya leza na vikao vingi, na mara nyingi hubaki kivuli au kovu. Kwa kidonda kibichi cha mguuni, wiki mbili hadi nne za mwanzo si za kuingia jarubani, mtoni wala kwenye maji ya mafuriko. Mkulima anayepanda mpunga Januari asichorwe Desemba.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, jibu ni hapana. Uingereza ilipiga marufuku kuwachora watoto kwa sheria ya mwaka 1969. Mchoraji wa Ifakara anayemwambia mwanafunzi arudi akiwa mtu mzima anastahili kuungwa mkono na wazazi.

Chale

Wapo wanaokwenda kwa mganga kuchanjwa. Kuhusu damu, wembe hauna tofauti na sindano. Nenda na wembe wako mpya, ufunguliwe mbele yako, utupwe baada yako. Familia ikiwa na watu watano, nyembe ziwe tano.

Wasiotaka kutoboa

Hina halisi hutoa rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea, hufifia kwa wiki moja hadi tatu, na kwa watu wengi haina madhara. Piko nyeusi ni jambo jingine. Mara nyingi ni dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo ikipakwa kwenye ngozi inaweza kutoa malengelenge na kuacha alama. Aliyewahi kudhurika nayo anaweza kudhurika vibaya zaidi siku nyingine akipaka rangi ya nywele. Bibi harusi aombe hina, na akiambiwa itatoka nyeusi tii kwa dakika chache, akatae. Hereni za kubana nazo zipo, na hazihitaji kidonda.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano, kisha uweke tarakimu za mtaani kwako. Tuseme saluni inatoza 5,000 na muuguzi 10,000. Tofauti ni 5,000. Sikio likioza, utalipa bodaboda kwenda na kurudi, kumwona daktari, vidonge vya siku saba, na vibarua vya siku mbili tatu ulizokosa. Ile 5,000 uliyookoa haimalizi hata nusu ya safari hiyo. Ikiwa ni gegedu, umbo la sikio linaweza lisirudi. Ikiwa ni homa ya ini B, baadhi ya watu huishi nayo maisha yote, na ndiyo maana chanjo tatu za mtu mzima, hata kama utazilipia mwenyewe, ni matumizi mazuri ya fedha za mavuno.

Ongeza muda wa kupona kwenye hesabu. Ndewe huchukua wiki 6 hadi 8, pua miezi kadhaa, kitovu na gegedu hadi mwaka. Likizo ya Desemba ni kama mwezi mmoja, na shule nyingi haziruhusu hereni. Binti akitogwa siku ya kufunga shule atalazimika kuivua kabla tundu halijapona. Atogwe kabla ya umri wa shule, au baada ya kumaliza.

Wenye kisukari, wenye ugonjwa wa valvu za moyo, na wale ambao ukoo wao hupata makovu ya kuvimba waongee na daktari kwanza. Makovu hayo huwapata sana watu wenye ngozi nyeusi, hupenda masikio, na hata yakikatwa hurudi mara nyingi.

Haki yako na pa kwenda

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kukagua maeneo yanayohatarisha afya. Ukiona sindano zinarudiwa, peleka taarifa kwa afisa afya wa kata au wa halmashauri. Huna haja ya kugombana na mtu. Kuhusu vipodozi kama piko, tangu 2019 viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania.

Sikio likiwa jekundu kidogo siku mbili za mwanzo, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, robo kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe kimoja, mara mbili kwa siku. Ukiona usaha, homa, au gegedu limevimba na linauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukigundua umechomwa na sindano ya mtu mwingine, usisubiri dalili. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Ifakara ina Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, yenye kliniki inayohudumia watu wanaoishi na VVU. Uliza pia kuhusu homa ya ini B na pepopunda.

Uamuzi wetu

Kwa ndewe na pua: muuguzi mwenye sindano mpya. Akikosekana: nyumbani, ndewe tu, kwa sindano ya duka la dawa na mikono safi. Saluni yenye bastola ni chaguo la tatu, kwa ndewe tu. Gegedu, ulimi na kitovu vingoje mtaalamu mwenye vifaa vilivyotakaswa. Tatuu ni kwa mtu mzima, kwa mchoraji anayefungua kila kitu mbele ya mteja, na baada ya msimu wa maji. Asiyekubali kufungua pakiti mbele yako, hata akikufanyia bure, muage uondoke.