Shaba yenye mapacha ndani yake

Fundi umeme akikunja waya mnene wa shaba kisha akajaribu kuunyoosha, pale palipokunjwa huwa pameshupaa. Akiulazimisha, waya hupinda pembeni mwa kona ya zamani. Ukipashwa moto hadi uwe mwekundu, ugumu huo hutoweka. Wahunzi walilijua hilo tangu kale, lakini sababu yake ilielezwa mwaka 1934 tu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi walipofikia jibu lilelile, kila mmoja kivyake.

Metali ni fuwele: atomu zake zimepangwa safu juu ya safu. Safu hizo zingekuwa kamili, kuzitelezesha kwa mkupuo kungedai nguvu kubwa mara nyingi kuliko ile inayokunja waya. Lakini ndani mna safu zinazokatika njiani, na kwenye ukingo wake atomu hukaa kombo, mfano wa kiungo kilichoteguka. Kasoro hiyo, tuiite mteguko, husafiri kwa mwendo wa jongoo. Jongoo hanyanyui miguu yote pamoja. Wimbi dogo hupita mguu hadi mguu, na mwishowe mwili mzima umesogea. Waya unapokunjwa, miteguko huongezeka hadi ikazibiana njia. Ndiyo maana kona hushupaa.

Anayetaka metali imara basi huizibia miteguko njia. E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953 walionesha kwamba chembe za fuwele zinazoiunda metali zikiwa ndogo, metali huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa kila mpaka wa chembe ni kizuizi. Tatizo ni kwamba mpaka huo ni vurugu ya atomu, na vurugu huzisumbua pia elektroni zinazobeba umeme. Kuchanganya metali nako kuna gharama: shaba iliyotiwa zinki asilimia 30 hupitisha umeme chini ya theluthi moja ya shaba safi. Kwa miaka mingi mhandisi alilazimika kuchagua, ama nguvu ama umeme.

Mwaka 2004, Lu Lei, Lu Ke na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Metali mjini Shenyang, China, walipata vyote viwili. Njia yao ina undugu na ile inayozalisha mabamba ya shaba ya Kolwezi, Kongo, yanayosafirishwa kupitia bandari ya Dar es Salaam: umeme hupitishwa kwenye maji yenye chumvi ya shaba, na shaba hujijenga tabaka kwa tabaka. Wao waliupeleka umeme kwa mapigo mafupimafupi. Ndani ya kila chembe ikajitokeza mipaka ya pacha.

Mpaka wa pacha ni kasoro yenye adabu. Viganja vikiunganishwa kuomba dua, cha kushoto ni taswira ya cha kulia, na vidole hukutana bila pengo. Atomu hukutana hivyohivyo. Mteguko unaokuja kwa kukatiza hukwama, kwa sababu ng'ambo safu zimegeukia upande mwingine. Elektroni hupita karibu bila bughudha. Karatasi nyembamba za shaba hiyo zilihimili mvuto wa megapaskali 1,068, kama mara 10 ya shaba ya kawaida, huku zikipitisha umeme karibu sawa na shaba safi.

Je, mapacha wakisogezwa karibu zaidi? Jibu la mwaka 2009 kutoka maabara hiyohiyo linavutia kuliko ushindi wa kwanza. Nguvu ilipanda hadi nafasi kati ya mipaka ilipofika nanomita 15, yaani safu kama 70 tu za atomu. Ilipobanwa chini ya hapo, shaba ikaanza kulainika. Miteguko iliacha kuigonga mipaka. Ilizaliwa pale mpaka wa pacha unapokutana na mpaka wa chembe, kisha ikateleza sambamba na kuta zilezile zilizotarajiwa kuizuia.

Matumizi nayo yakaanza kutafutwa: mwaka 2012, watafiti wa Taiwan walionesha namna ya kuotesha shaba ya mapacha, ikiwa imeelekea upande mmoja, kwenye vinundu vidogo vinavyounganisha vipande vya saketi za kompyuta.