Jinsi mistari miwili iliyofutwa ilivyohatarisha siri za tarakilishi

MNAMO Mei 13, 2008, wasimamizi wa Debian, mfumo wa kuendeshea tarakilishi unaotolewa bila malipo, walitangaza habari za kushtua. Funguo za siri zilizoundwa kwa mfumo huo tangu Septemba 2006 zingeweza kubashiriwa.

Funguo hizo ndizo hulinda mawasiliano kati ya mtumiaji na seva, zikiwemo seva za tovuti za kibiashara. Badala ya kuchagua miongoni mwa funguo zisizohesabika, tarakilishi zilikuwa zikichagua miongoni mwa takriban 32,000 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo. Mhalifu angeweza kuziunda zote mapema, kisha azijaribu moja baada ya nyingine.

Kasoro hiyo iligunduliwa na Luciano Bello, mmoja wa waundaji wa Debian. Swali lililofuata lilikuwa wazi: ni badiliko lipi lililoleta balaa hili, lilifanywa lini na kwa sababu gani? Jibu lilipatikana upesi kwa kuwa lilikuwa limehifadhiwa katika mifumo miwili inayotegemeana.

Wa kwanza ni mfumo wa kufuatilia hitilafu. Huu ni daftari la pamoja ambamo yeyote anayekumbwa na tatizo katika programu hulieleza. Kila ripoti hupewa nambari yake, sawa na nambari ya OB anayopewa mlalamishi katika kituo cha polisi. Chini ya nambari hiyo huandikwa toleo lililoathirika, aliyekabidhiwa kazi, na mjadala wote hadi ripoti ifungwe. Debian imekuwa na daftari kama hilo tangu 1994, nayo Bugzilla iliundwa 1998 kwa ajili ya mradi wa Mozilla.

Mfumo wa pili ni ule wa kutunza matoleo ya programu, fani iliyoanza 1972 katika maabara ya Bell nchini Marekani. Huonyesha mistari iliyofutwa na iliyoongezwa, jina la aliyefanya hivyo, tarehe, pamoja na maelezo mafupi. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005, hulipa kila badiliko utambulisho unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Anayejaribu kugeuza historia kisirisiri huumbuka, maana utambulisho nao hugeuka.

Kila mfumo ukiwa peke yake huchechemea. Huu wa matoleo unajua kilichobadilika lakini haujui kilio cha mlalamishi, ilhali daftari la hitilafu linajua kilio lakini halijui ni mstari upi ulioguswa. Daraja kati yao ni ile nambari ya ripoti. Muundaji huiandika katika maelezo ya badiliko lake, na mara nyingi mitambo yenyewe hukamilisha kazi iliyosalia. Katika Debian, akitaja kwenye orodha ya mabadiliko kwamba toleo jipya linafunga ripoti fulani, ripoti hiyo hufungwa pindi toleo linapopokewa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ripoti nambari 363516 ya Aprili 2006. Ililalamika kwamba Valgrind, programu ya kukagua matumizi ya kumbukumbu ya tarakilishi, ilikuwa ikitoa maonyo kuhusu OpenSSL, maktaba inayoshughulikia usimbaji wa siri. Ili kuyanyamazisha maonyo hayo, mistari miwili iliondolewa. Mmoja haukuwa na madhara. Wa pili, uliofanana nao kabisa, ndio uliokuwa ukiingiza data ya nasibu katika kiwanda cha kuunda funguo. Ulipotoweka, kilichosalia ni nambari ya mchakato unaoendeshwa na tarakilishi, ambayo haikupita 32,768.

Ripoti ikafungwa, maonyo yakakoma, na kila mtu akaridhika kwa karibu miaka miwili. Aliyeondoa mistari hiyo alikuwa amewauliza wataalamu wa OpenSSL kabla ya kuigusa, lakini badiliko lenyewe halikuwahi kuingizwa katika hazina yao. Swali lilibaki kwingine, badiliko kwingine. Daftari hukumbuka, halipimi busara ya suluhisho.

Hata hivyo, kumbukumbu hizo zilikuwa na thamani kubwa siku ya dhiki. Kwa kuwa badiliko lilibeba nambari ya ripoti na toleo lilijulikana, wasimamizi wa seva waliambiwa bila kubahatisha ni tangu toleo lipi funguo zote zitupwe na kuundwa upya. Kurekebisha programu pekee hakungetosha.

Nchini Kenya, utaratibu huu unahusu hata faili za wagonjwa. OpenMRS, mfumo wa kutunza rekodi za matibabu ulioanza kutumika Eldoret mnamo Februari 2006, ndio msingi wa KenyaEMR inayotumiwa katika vituo vya afya humu nchini. Katika hazina yake, maelezo ya badiliko kwenye kiini cha programu huanza kwa neno TRUNK na nambari ya ripoti. Anayeshangaa kwa nini mstari fulani uliandikwa hulitafuta badiliko lililouleta, akaisoma nambari, kisha akaifuata hadi kwenye lalamiko la aliyeudai.