Kiti cha 23

Wakulima wa korosho wa Nyangamara, huku Lindi, hawakuwa na sababu ya kukesha wakisubiri matokeo mwaka 1960. TANU ilichukua viti 70 kati ya 71 vya Tanganyika, 58 kati yake bila mpinzani. Ng'ambo ya bahari, miezi michache tu baadaye, mambo yalikuwa mengine kabisa.

Januari 17, 1961 Zanzibar ilichagua wajumbe 22. Afro-Shirazi ya Abeid Karume ilipata viti 10, Hizbu ya Ali Muhsin 9, na ZPPP ya Mohammed Shamte 3. Chake Chake, Afro ilishinda kwa kura moja. Kura moja! Wale watatu wa Shamte wakawa ndio wenye kauli, na wakagawanyika: wawili kwa Hizbu, mmoja kwa Afro. Ikawa 11 kwa 11.

Marekani ilishayaonja hayo. Mwaka 1800 Thomas Jefferson na Aaron Burr, wagombea wa chama kimoja, walifungana kwa kura 73, kwani kila mjumbe wa kumchagua rais alipiga kura mbili bila kubainisha ipi ya rais na ipi ya makamu. Baraza la Wawakilishi lilirudia kura mara 36, kila jimbo kura moja, hadi mahasimu wao Wafederali kadhaa walipoacha kupiga kura na Jefferson akapita, Februari 17, 1801. Mwaka 1804 katiba ikarekebishwa.

Zanzibar, Waingereza waliweka serikali ya muda, wakaongeza kiti kimoja ili hesabu isigawanyike sawa, wakaitisha uchaguzi mwingine Juni 1. Siku hiyo fujo zilizuka Unguja. Watu 68 wakauawa. Afro 10, Hizbu 10, ZPPP 3, na safari hii wote watatu wakaenda Hizbu. Shamte, mwenye viti vitatu, akawa Waziri Kiongozi. Afro, yenye karibu nusu ya kura zote, ikakaa upinzani.

Kwa maoni yangu, Waingereza walitibu hesabu wakaacha ugonjwa. Wenye kura nyingi waliendelea kukosa viti: Julai 1963 Afro ilipata asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukaja Desemba 10. Serikali ya Shamte ilipinduliwa Januari 12, 1964.