Hati ya shamba haikupi maji ya chini

Kiangazi kikianza hapa Tabora, swali ninaloulizwa sana na vijana wa bustani siyo la mbolea. Ni hili: "Afisa, shamba langu, hati ninayo, kibali cha kisima cha nini tena?"

Hati inakupa ardhi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote, ya juu na ya chini, ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ya kunywa na kupikia nyumbani hayahitaji kibali cha kutumia maji. Ukishafunga pampu ya sola umwagilie nyanya za kuuza, hapo ni biashara, na kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde. Angalia bonde lako, maana mkoa wetu hauna bonde moja: Urambo na Kaliua wapo Bonde la Ziwa Tanganyika, makao makuu Kigoma, Igunga upande wa Wembere ni Bonde la Kati, Singida.

Unaanza na upimaji, kisha kibali cha kuchimba, mchimbaji mwenye leseni, halafu kupima uwezo wa kisima. Hiki cha mwisho vijana wengi wanakiruka ili kuokoa hela, na mimi naona ndicho cha maana kuliko vyote.

Kwa nini? Chini yetu ni mwamba wa graniti. Maji hayajatulia humo kama ziwa. Yamejificha kwenye tabaka la juu lililooza na kwenye nyufa, na yanajazwa na msimu mmoja tu wa mvua. Wapagazi wa misafara walilijua hili: pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, waliliogopa kwa kiu.

Sasa piga hesabu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Nyanya zinazozaa kwenye jua la Oktoba zikitaka milimita 5 kwa siku, hiyo ni lita 20,000. Kisima cha lita 1,500 kwa saa kitavuta zaidi ya saa 13, na jua la sola halifiki huko. Robo ekari ni lita 5,000, saa tatu na ushee. Ukilazimisha kwa pampu kubwa, maji yanashuka, pampu inavuta hewa, na kisima cha jirani nacho kinaweza kukauka.

Hapo ndipo kesi zinapoanzia. Sheria inatanguliza matumizi ya watu, kisha mazingira, biashara baadaye. Kisima cha kijiji kikikauka wewe huna kibali, utajitetea na nini?

Basi funga mita kwenye bomba la kutolea. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha pampu, shusha kamba yenye uzito, pima maji yapo mita ngapi, andika kwenye daftari. Yakizidi kushuka wiki hadi wiki, punguza matuta msimu huohuo. Na bomba la dawa usilioshee karibu na kisima.