Ufuta wa Shambani, Mswaki wa Mti

Hapa Tingi ufuta tunaulima kisha tunauuza, na tukiambiwa mafuta yake yanasafisha kinywa tunacheka. Lakini Wahindi wanaofuata tiba ya Ayurveda wameyasukutua tangu kale, na kitabu chao cha Charaka kinaelekeza kutafuna vijiti vichungu mara mbili kwa siku. Mwarobaini wanautumia hadi leo.

Sisi tunayo Sunna ya mswaki, ambao Shirika la Afya Duniani liliuhimiza mwaka 1986. Tatizo ni namna tunavyoutumia. Menya gome la ncha, kiasi cha sentimita 1, tafuna mpaka nyuzi zilainike, sugua kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Nyuzi zikichakaa, kata. Wengi wetu tunatembea na kijiti kimoja wiki nzima mfukoni! Usiku ongeza dawa ya meno yenye floridi.

Ukitaka mafuta ya ufuta, kijiko kimoja kinatosha: sukutua, tema, usimeze. Aliyefunga asukutue kabla ya alfajiri. Mtoto mdogo asipewe, maana anaweza kupaliwa. Mkaa na mchanga acheni, vinakwangua meno.

Jino lililotoboka, hata hivyo, haliponi kwa mafuta wala kijiti. Shavu likivimba pamoja na homa, au kinywa kikashindwa kufunguka, mpelekeni mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Usaha huo huweza kushuka shingoni ukaziba pumzi.