Mtumbwi bila taa ni hasara kwa mvuvi na mchuuzi

SOKONI Maswa, samaki wa Ziwa Victoria huuzwa pamoja na mtama, choroko na mahindi, ingawa wilaya hiyo haina ufukwe wa ziwa. Kati ya wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni Busega pekee inayogusa maji hayo. Sato na sangara wanaofika Maswa huvuliwa Busega na kwenye mialo jirani ya Mwanza na Mara, kisha huletwa na wachuuzi.

Wapo wachuuzi ambao fedha zao hutangulia ziwani kabla ya samaki kutoka. Humkopesha mvuvi nyavu au ndoano, naye hulipa kwa samaki. Mtaji huo huingia majini saa 10 alfajiri ndani ya mtumbwi wa kasia, mara nyingi bila taa. Mtumbwi ukigongwa au ukikamatwa na doria, mvuvi hupoteza chombo, pengine na maisha, na mchuuzi hupoteza fedha yake.

Sekunde tisa tu

Wavuvi wa dagaa huonekana kwa mbali kwa sababu huvua kwa karabai au taa za sola. Hatari iko zaidi kwa mitumbwi midogo inayokwenda kutega au kutegua nyavu gizani. Kanda ya Ziwa, jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1 asubuhi kutegemea msimu. Aliyeondoka saa 10 ana zaidi ya saa mbili za giza mbele yake.

Hesabu yake ni rahisi. Boti ya injini inayokwenda kilomita 20 kwa saa hukata mita 333 kwa dakika. Nahodha akiuona mtumbwi usio na taa umbali wa mita 50, ana sekunde tisa za kukwepa. Akiona mwanga umbali wa kilomita moja, ana dakika tatu.

Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini za mwaka 1972 zinalitambua jambo hili. Chombo cha makasia ambacho hakikuwasha taa za chombo kinatakiwa kuwa na tochi au taa yenye mwanga mweupe, iliyo tayari kuonyeshwa mapema. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini mantiki yake inafaa ziwani pia.

Taa ifungwe juu ya kijiti nyuma ya mvuvi, ipite kichwa chake, ili ionekane pande zote bila kumwaka machoni. Macho huhitaji takriban nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa karibu huyaharibia mazoea hayo mara moja. Aidha, kupaka rangi nyeupe kwenye bapa la kasia husaidia, kwa kuwa kitu kinachopanda na kushuka huvuta jicho la nahodha. Filimbi shingoni na jaketi la kujiokolea mwilini vikamilishe vifaa hivyo. Jaketi lililolazwa chini ya mtumbwi halimsaidii aliyekwisha kuanguka majini.

Hofu ya majambazi

Hata hivyo, wapo wanaozima taa kwa makusudi. Wizi wa nyavu na injini ni tatizo la siku nyingi Ziwa Victoria, na mvuvi huona giza kuwa kinga yake. Hofu hiyo ina msingi. Lakini giza hilo hilo humficha asionekane na boti inayokuja kwa kasi wala na jirani ambaye angemwokoa.

Njia nafuu ni kwenda kwa makundi ya mitumbwi miwili au mitatu, na kuacha kwa viongozi wa BMU wa mwalo majina, eneo la kutega na saa ya kurudi. Anayelazimika kupunguza mwanga awe na tochi mkononi, aiwashe mara asikiapo mlio wa injini.

Nyaraka na nyavu

Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, pamoja na marekebisho yaliyofuata. Kwa ufupi, chombo kisajiliwe na kiandikwe namba, na mvuvi awe na leseni. Kokoro na nyavu za timba ni marufuku. Sangara asiyefika sentimita 50 na sato asiyefika sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na TASAC, iliyochukua jukumu hilo kutoka SUMATRA.

Mtumbwi usio na taa wala namba hutiliwa shaka na doria, hata kama nyavu zake ni halali. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 iliteketeza nyavu haramu nyingi Kanda ya Ziwa, na haikuwagusa wavuvi peke yao. Samaki wachanga wakikutwa kwenye tenga la mchuuzi, kesi ni ya mchuuzi.

Mvua za usiku

Kuna adui mwingine wa alfajiri. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto na kuzaa ngurumo na dhoruba, hasa usiku wa manane hadi asubuhi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika ziwa hili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwa, na mvuvi aupate kabla ya kusukuma mtumbwi majini.

Mchuuzi wa Maswa asitoe mkopo kabla ya kuuliza mambo manne: leseni iko wapi, namba ya chombo ni ipi, taa inawaka, na jaketi yapo mangapi. Taa na majaketi yanayokosekana viingizwe kwenye mkopo pamoja na nyavu, kwa kuwa deni hulipwa na mvuvi aliyerudi mwaloni.